Betri ya Pikapu Kusini mwa Nyanza

Betri ya risasi na asidi iliingia kusini mwa Nyanza ikiwa ndani ya gari, lakini sehemu kubwa ya historia yake huko imepita nje ya gari. Katika maeneo ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya, mwenye pikapu aliyekwenda kununua betri mpya alikuwa, kwa miongo kadhaa, ananunua pia redio, taa na baadaye televisheni ya nyumba nzima. Ukubwa wa betri uliopendwa huko, namna ya kuitunza na hata kazi ya mafundi walioifufua haviwezi kuelezwa kwa mahitaji ya injini peke yake.

Chombo chenyewe kina umri mkubwa kuliko gari. Mfaransa Gaston Planté alikiunda mwaka 1859 kwa kuchovya mabamba ya risasi katika asidi ya salfuriki, na mwaka 1881 Camille Faure akapata njia ya kuyapaka mabamba hayo ujiuji wa risasi ili yahifadhi umeme mwingi zaidi. Kanuni haijabadilika tangu hapo. Kila seli hutoa volti 2 na kidogo. Seli sita zikiunganishwa hupatikana betri ya volti 12, ambayo ikijaa chaji husoma takriban 12.6, na ikishuka hadi 12.0 imekaribia kuisha. Magari ya kwanza hayakuihitaji sana. Injini ilizungushwa kwa hendeli, cheche zilitoka kwenye magneto, na taa ziliwaka kwa gesi ya kabaidi au kwa mafuta ya taa. Stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering ilitokea kwenye Cadillac mwaka 1912, na Ford Model T, gari lililoenea kuliko yote wakati huo, halikuwekewa stata kiwandani hadi mwaka 1919.

Kusini mwa Ghuba ya Winam, katika Ziwa Viktoria, magari yalichelewa kufika. Baada ya reli kuingia Kisumu mwaka 1901, mizigo ilivushwa kwa meli na mashua hadi Kendu Bay, Homa Bay na Karungu, na kutoka gatini ikaenda bara kwa vichwa, kwa punda na kwa mikokoteni ya ng'ombe. Malori yaliongezeka wakati barabara za udongo zilipopanuliwa kati ya vita viwili vya dunia, na dhahabu iliyochimbwa Nyatike katika miaka ya 1930 ikaongeza haja ya usafiri. Mgodi wa Macalder, uliotoa dhahabu na shaba hadi ulipofungwa mwaka 1966, ulijengewa mtambo wa umeme wa megawati 2 katika maporomoko ya Gogo, kwenye Mto Kuja, mwishoni mwa miaka ya 1950. Umeme wa maji ulikuwepo Migori kabla ya uhuru, basi, ila ulielekezwa mgodini. Aliyeishi kilomita chache kutoka Gogo aliendelea na koroboi.

Kwa madereva wa kizazi hicho, betri iliyokufa ilikuwa kero tu. Malori ya Bedford na Land Rover, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1948, yalikuwa na tundu la hendeli mbele, na kuizungusha asubuhi ilikuwa kazi ya utingo. Hendeli ilikuwa na hatari yake: injini ikirudisha nyuma ghafla ingeweza kuvunja kifundo cha mkono. Lakini gari lenye hendeli halikulala njiani kwa sababu ya betri, na mwenye gari hakuwa na haraka ya kununua nyingine. Betri dhaifu ilitosha kuwasha taa na kutoa cheche, na kazi nzito ikafanywa na misuli.

Hali hiyo ilibadilika pikapu zilipochukua nafasi ya malori katika safari fupi. Mwaka wa uhuru, 1963, ndio mwaka ambao kampuni ya Associated Battery Manufacturers ilianzishwa Nairobi, na betri zake zenye jina la Chloride Exide zikawa ndizo zinazojulikana zaidi nchini. Jina hilo lilitokana na kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikitengeneza betri tangu karne ya kumi na tisa. Mwaka huohuo Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally, kisha ikashinda tena mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Wafanyabiashara wa Nyanza hawakuhitaji tangazo jingine. Pikapu ya 404, na baadaye 504, zikawa gari la mwenye duka, la mnunuzi wa samaki, la mwalimu mkuu aliyejenga nyumba ya mabati, na la mwenye matatu.

Amri ya Rais Jomo Kenyatta ya mwaka 1973, iliyoruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za mabasi, iliongeza thamani ya pikapu yenye turubai na mabenchi mawili ya mbao nyuma. Viwanda vya kuunganisha magari viliundwa katika miaka hiyo hiyo Mombasa, Thika na Nairobi, na magari ya Peugeot, Isuzu na Toyota yakaanza kutoka humo. Kenya iliendelea kuunda pikapu ya 404 hadi mwaka 1991, baada ya Ufaransa kuiacha, na pikapu ya 504 hadi 2004. Kusini mwa Nyanza zilikuta kazi tele. Kampuni ya sukari ya South Nyanza iliundwa mwaka 1976 na kiwanda chake kikasimama Awendo. Tumbaku ilienea Suna, Uriri na Kuria. Kisha mbuta, samaki aliyepandikizwa katika ziwa katikati ya karne, aliongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na pikapu zikawa zinakimbizana kati ya fukwe za Sori, Muhuru Bay, Sindo na Mbita na masoko ya bara kabla barafu haijayeyuka.

Katika barabara hizo betri ilikuwa na maadui wawili, joto na mtikisiko. Pwani ya Ziwa Viktoria, ingawa iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, huwa na joto la mchana linalozidi lile la Kisii au Nairobi, na chini ya boneti ya gari linalotambaa kwa gia ya pili halijoto hupanda zaidi. Joto huharakisha kutu ya nondo za risasi zinazoshikilia ujiuji, na maji hukauka mapema. Wauzaji wa nchi za joto hujaza asidi hafifu kidogo kwa sababu hii: uzito wake ukilinganishwa na maji huwa karibu 1.24 betri ikijaa, wakati katika nchi za baridi hufika 1.28. Betri hupoteza nguvu kidogo na kupata umri mrefu. Mtikisiko nao hauna dawa ya kemikali. Udongo mweusi wa Ndhiwa na Nyatike ukikauka huacha mashimo na matuta, na kila mruko hudondosha ujiuji kutoka kwenye sahani, yaani mabamba ya risasi, hadi chini ya sanduku. Mashapo hayo yakifika kimo cha sahani, seli hujifunga yenyewe na betri hufa ghafla, huku seli nyingine tano zikiwa nzima. Kifungio madhubuti cha betri kwenye sinia yake kingezuia vingi vya vifo hivyo, lakini kifungio ndicho kilichokuwa cha kwanza kupotea. Mahali pake palichukuliwa na ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu, na sababu yake si uzembe tu. Betri hiyo ilikuwa inafunguliwa kila mara.

Ilifunguliwa kwa sababu nyumbani hapakuwa na umeme. Mpango wa serikali wa kusambaza umeme vijijini ulianza mwaka 1973, lakini kwa muda mrefu nyaya ziliishia kwenye miji, shule chache, hospitali na viwanda. Redio ndogo ilitumia mawe ya betri, na mawe hayo yalikwisha upesi na yalikuwa ghali kwa mwenye kipato cha kijijini. Mwenye gari alikuwa na njia nyingine. Jioni alifungua boneti, akavuta waya mbili kutoka kwenye betri kupitia dirishani, akaunganisha redio kubwa, gramafoni au taa ya tyubu ya volti 12. Asubuhi gari likigoma kuwaka, vijana walilisukuma. Pikapu za wakati huo ziliwaka kwa kusukumwa bila shida, hasa zikiegeshwa kwenye mteremko, na wenye magari wengi walichagua pa kuegesha kwa hesabu hiyo.

Televisheni ilifanya jambo hili kuwa la kila siku. Katika miaka ya 1980 na 1990 madukani kulijaa televisheni ndogo za rangi nyeusi na nyeupe zilizoweza kutumia volti 12 moja kwa moja, na ile ya Kichina ya Great Wall ikajulikana karibu kila kijiji. Televisheni ya inchi 14 ya aina hiyo ilikula takriban wati 15, yaani zaidi kidogo ya ampea moja. Ikiwashwa saa nne kila jioni ilitumia kama ampea-saa 5. Betri ya N50, yenye ampea-saa zipatazo 50, haipendi kutumiwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo ilifaa kwa jioni tano. N70, iliyo kubwa kuliko hiyo, ilifaa kwa jioni saba. Tofauti hiyo ya jioni mbili ilikuwa na uzito mkubwa, maana masoko ya eneo hili hukaa mara moja kwa wiki, na betri ya nyumbani ilipelekwa chaji siku ya soko. Hesabu hii haikuandikwa popote, lakini inaeleza vizuri kuliko ushauri wa kiwanda kwa nini N70 ilipendwa hata na mwenye pikapu ya petroli ambayo N50 ingeiwasha bila tatizo.

Chaji ilipatikana sokoni, kwenye kinu cha kusaga unga au kwenye karakana yenye jenereta. Mwenye kinu aliunganisha dainamo au altaneta kwa mkanda kwenye injini ya dizeli ileile iliyosaga mahindi, akapanga betri za wateja chini ya paa, kila moja ikiwa na jina limeandikwa kwa rangi au kwa chaki. Betri ilisafirishwa kwenye keria ya baiskeli, juu ya matatu, au kichwani. N70 yenye asidi ndani ina uzito wa kilo 17 au 18, na asidi iliyomwagika ilitoboa suruali na kuchoma ngozi. Huduma ilikuwa ya viwango tofauti. Mchaji mwenye haraka alisukuma umeme mwingi kwa saa mbili, volti zikapanda, taa ya kujaribia ikawaka vizuri, na mteja akaenda zake na betri iliyojaa usoni tu. Siku ya tatu televisheni ilianza kufinya picha. Mchaji mwaminifu aliiacha usiku kucha kwa umeme mdogo na kupima kila seli kwa hidromita. Sifa za wachaji zilienea haraka kuliko za mafundi wa injini.

Mwenye pikapu hakuhitaji kinu. Alikuwa na betri mbili za ukubwa mmoja. Moja ilikaa garini mchana kutwa ikichajiwa na altaneta kati ya, tuseme, Rongo na Homa Bay, na jioni ikabadilishwa na ile iliyochoka nyumbani. Wengine waliwachajia majirani kwa ada. Ndiyo sababu ya ukanda wa tyubu badala ya kifungio cha skrubu, na ndiyo sababu ya taminali zilizolegea na kuota unga mweupe. Ilisemwa, na bado inasemwa na mafundi wengi wa waya, kwamba betri kubwa huunguza altaneta. Dai hilo limetiwa chumvi. Altaneta ina kikomo chake, na betri kubwa iliyojaa haivuti zaidi ya betri ndogo iliyojaa. Kilichoiumiza kilikuwa betri tupu inayoingizwa garini kila asubuhi: altaneta ililazimika kufanya kazi kwa nguvu zake zote katika joto, siku baada ya siku, na pikapu inayosimama kila kituo haikuijaza betri hiyo hata mara moja. Betri isiyojazwa kikamilifu huota fuwele ngumu za salfati juu ya sahani, na sehemu iliyoota hairudi tena kazini.

Injini za dizeli zilifanya uchaguzi kuwa mgumu zaidi. Kadiri bei ya petroli ilivyopanda, pikapu za dizeli za Peugeot, Isuzu na Toyota zilizidi kupendwa kwa safari za samaki na miwa. Dizeli haina cheche. Huwaka kwa mgandamizo, na kuizungusha kunataka ampea mia kadhaa kwa sekunde chache, pamoja na umeme wa hita zinazopasha vyumba vya injini kwanza. Hapo N70 haikuwa tena anasa ya kutazama taarifa ya habari. Lakini mwenye dizeli hakuweza kuishusha hadi nusu wakati wa usiku kisha akategemea kuondoka alfajiri. Kwa hiyo katika nyumba za wenye dizeli betri ya gari na betri ya nyumba zilianza kutengana mapema kuliko kwa wenye petroli.

Kununua betri mpya kulikuwa tukio. Nyingi ziliuzwa kavu: sahani zilichajiwa kiwandani, zikakaushwa, na sanduku likafungwa bila asidi. Duka la Homa Bay au Migori liliweza kuiweka rafuni miezi mingi bila kuharibika, jambo la maana mahali ambapo hapakuwa na umeme wa kuzitunza betri zilizojaa. Mteja akilipa, muuzaji alijaza asidi kutoka kwenye dumu, akasubiri sahani zinywe na joto lishuke, akaongeza kidogo, kisha akaiweka kwenye chaji. Mwenye haraka alikataa hatua ya mwisho, na betri yake ikaanza maisha ikiwa na njaa. Baada ya hapo ilihitaji maji safi tu, kwa kuwa asidi haikauki. Maji ya kisima na ya ziwa yana chumvi na madini yanayodhuru sahani, kwa hiyo palipokosekana maji ya betri ya dukani watu walikinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi. Kosa la kawaida lilikuwa kuongeza asidi kila betri ilipolegea. Iliamka kwa siku chache, kisha sahani zikaliwa.

Betri ilipokufa haikutupwa. Betri za zamani zilikuwa na sanduku la mpira mgumu mweusi, kila seli ikiwa na kifuniko chake kilichozibwa kwa lami, na vipande vya risasi vilivyounganisha seli vikaonekana kwa nje. Umbo hilo lilimfaa fundi wa juakali. Aliyeyusha lami, akakata kiunganishi, akang'oa seli iliyokufa, akasuuza mashapo, akaweka sahani zilizotolewa kwenye betri nyingine, akaunganisha kwa risasi iliyoyeyushwa juu ya makaa na kuziba upya. Betri iliyofufuliwa namna hii iliuzwa kwa bei ya chini na ilimtosha mwenye televisheni, hata ikiwa haikuwa na nguvu ya kuzungusha stata. Ustadi huu ulianza kukosa mahali pake sanduku la plastiki nyembamba ya polipropilini, lililoenea duniani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, lilipokuwa la kawaida nchini. Kifuniko chake ni kimoja kwa seli zote na huyeyushwa pamoja na sanduku. Viunganishi hupita ndani ya kuta. Kukifungua ni kukiharibu. Mafundi walibaki na kazi ya kubadilisha asidi na kuchaji, na waliobaki na ufundi wa kuyeyusha risasi wakaanza kuuza chakavu.

Kulegezwa kwa masharti ya uagizaji mwaka 1993 kulifungulia mlango magari ya mtumba kutoka Japani, na pamoja nayo majina mapya ya betri. Alama za kale za N na NS zilibaki midomoni mwa wauzaji hadi leo, lakini juu ya betri kuliandikwa alama ndefu kama 95D31R. Namba ya kwanza huonyesha kiwango cha nguvu. Herufi ya D ni kipimo cha upana na kimo. 31 ni urefu kwa sentimita. Na herufi ya mwisho husema taminali chanya iko upande gani. N70 hukaa katika sanduku hilo la D31, linalofaa sinia ya Hilux au Isuzu nyingi za dizeli. Herufi ya mwisho imewatesa wengi. Aliyenunua L mahali pa R aligundua kwamba waya haifiki, na fundi akairefusha kwa kipande cha waya nyembamba ambacho hakikuweza kubeba umeme wa stata. Gari likalaumiwa, kisha betri, kisha muuzaji.

Badiliko lililogusa nyumba zaidi lilikuwa la ndani. Betri za zamani zilitumia risasi iliyochanganywa na antimoni, inayopoteza maji upesi lakini inayovumilia kushushwa na kupandishwa. Betri mpya zisizoongezwa maji hutumia risasi yenye kalisi. Hazikauki haraka, hazioti unga mwingi kwenye taminali, na katika gari zima lenye altaneta inayotoa volti kati ya 13.8 na 14.4 hufanya kazi nzuri. Zikitumiwa kuwasha televisheni hadi picha ipotee, hufa mapema. Wanunuzi waliona jambo hilo bila kuambiwa kemia yake, na kwa miaka mingi wengi waliendelea kuamini kwamba betri yenye vifuniko sita vya kufungua ndiyo betri ya kweli. Kwa matumizi yao walikuwa sahihi. Walioibeza imani hiyo kama ushamba walikuwa wanafikiria gari peke yake.

Kazi ya nyumbani ilianza kuiacha betri ya pikapu kupitia jua. Paneli ndogo za wati 12 au 14 ziliuzwa kote magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi ambazo watu walinunua umeme wa jua dukani kwa pesa zao, bila mradi. Kiwanda cha Nairobi kilitengeneza betri ya jua ambayo kimsingi ilikuwa ya gari, ila sahani zake zilikuwa nene kidogo. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Osram ilifungua Mbita kituo cha jua cha mradi wa Umeme kwa Wote, ambapo wavuvi wa omena walikodi taa na betri zilizochajiwa badala ya karabai za mafuta. Miaka michache baadaye taa za LED zikafanya betri ndogo ya pikipiki kutosha kwa usiku mzima ziwani. Vifaa vya jua vya kulipia kidogo kidogo kwa M-Pesa vilianza kuuzwa mwaka 2012, na mpango wa serikali wa kufikisha umeme majumbani, Last Mile, ukazinduliwa mwaka 2015. Wachaji wa sokoni waligeukia kuchaji simu, na nao baadaye wakafunga.

Betri kuukuu nayo ilipata bei mpya. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, na muuzaji hupunguza bei ya betri mpya kwa anayerudisha iliyokufa. Kutoka Migori na Homa Bay chakavu husafiri hadi Nairobi na pwani, na ni huko pwani ambako gharama yake ilionekana wazi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi kando ya mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kuanzia 2007 hadi 2014 kiliwaachia wakazi sumu ya risasi katika damu. Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni ya kukifunga, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi uliopingwa katika rufaa. Fundi wa kijijini aliyekuwa akiyeyusha risasi juu ya makaa nyuma ya duka alivuta moshi uleule kwa kiasi kidogo, na watoto waliocheza hapo pia. Mwanzoni mwa 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi michache kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, na kwa muda huo betri zilizokufa zikarundikana madukani.

Anayechagua betri ya pikapu leo katika kaunti hizi mbili anakabiliwa na wingi kuliko uhaba. Betri za Nairobi hukaa rafu moja na za Korea, India na Uchina, na bandia zenye vibandiko vya majina yanayojulikana. Tarehe iliyogongwa kwenye sanduku ina maana zaidi kuliko ilivyokuwa wakati wa betri kavu, kwa sababu ya sasa huja ikiwa imejazwa na huzeeka rafuni. Ampea kubwa zinazoandikwa kwa herufi nene hupimwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, baridi ambayo Homa Bay haitaiona. Ampea-saa, uzito wa betri mkononi na dhamana yenye mhuri wa muuzaji husema mengi zaidi. Pikapu mpya za dizeli zina kompyuta inayokataa kuwasha injini volti zikishuka mno, na zile za gia otomatiki haziwaki kwa kusukumwa, kwa hiyo nafasi ya kubahatisha imepungua.

Matumizi ya nje ya gari hata hivyo hayajaisha. Pikapu hukodishwa kubeba vipaza sauti kwenye matanga, harambee na kampeni za uchaguzi, na husimama saa nzima injini ikiwa imezimwa huku amplifaya ikila betri. Wenye kazi hiyo huweka betri ya pili nyuma ya kiti au kwenye bodi, mara nyingi N100 au zaidi, na kuitenga na ile ya stata kwa swichi. Wasioweza kumudu ya pili bado hununua N70 yenye vifuniko sita.